NANI MTEGEMEZI WA NANI?

SEHEMU YA 1: NENO LENYEWE

Ndugu zangu mlioko mjini, hasa ninyi watoto wa Ifakara, Mang'ula, Mngeta, Mlimba, Lupiro na Malinyi mliosambaa Dar, Morogoro, Dodoma na kwingineko: huu ni mfululizo wa sehemu nane na sitapoza maneno. Someni mpaka mwisho ndipo mnijibu.

Kwenye fomu ya bima ya afya kuna nafasi ya "wategemezi". Mchangiaji wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya anaruhusiwa kuandika mwenza wake na wategemezi wengine hadi 4, na wazazi wamo. Basi mwenye ajira Dar anaandika jina la mama yake aliyeko Mlimba. Amefanya vizuri sana, na sehemu ya mwisho nitawataka wengine wafanye hivyohivyo. Ninachogombana nacho ni lile neno.

Mtegemezi! Mama huyo ndiye aliyeuza mpunga ili huyu apate nauli na kodi ya chumba. Ndiye anayelea mjukuu ambaye wazazi wake hawana pa kumweka mjini. Ndiye atakayempokea huyu siku akiugua, akifukuzwa kazi, au akiachika. Halafu kwenye karatasi yeye ndiye anayetegemea.

Tumezoea wimbo mmoja: mji unalisha kijiji, kijana akitoboa anavuta wenzake, waliobaki nyumbani ni wa kuomba vocha tu. Mimi nasema bonde hili linaulisha mji mara mbili. Mara ya kwanza ni mchele wa Kilombero mnaoukuta sokoni, na huo mnaulipia. Mara ya pili ni mchele, malezi, uuguzi na mtaji vinavyopanda basi au treni ya TAZARA bila risiti, na hivyo hamvilipii. Mnaviita "zawadi za nyumbani".

Mimi ni nesi hapa Ifakara. Kituo sikitaji, mgonjwa simtaji. Mifano nitakayotoa inajirudia kiasi kwamba mama zaidi ya mmoja atadhani namsema yeye. Sawa tu. Na anisikie.

SEHEMU YA 2: GUNIA

Tuanze na kitu unachokijua, ule mfuko wa mchele unaoufuata stendi.

Mpunga wa bonde hili unavunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Hapo bei iko chini, maana kila mtu anauza. Bei inapanda baadaye, mwisho wa mwaka na miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata, wakati maghala yamekauka na watu wako shambani tena. Kwa hiyo anayefaidi mpunga ni anayeweza kungoja. Sasa jiulize, nani hawezi kungoja? Ni yule ambaye simu yake imelia: "Mama, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita."

Huyo anauza Juni kitu ambacho angeuza Januari. Wengine wanauza mpunga ungali umesimama shambani. Mnunuzi anatoa pesa leo, mavuno yakifika anakuja na magunia yake na bei yake. Tofauti ya bei kati ya Juni na Januari ni pesa ya mama yako. Umeishi ndani ya hiyo tofauti, ndugu yangu. Imekuwa paa lako.

Halafu mfuko wenyewe. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa zinatoa mchele kama kilo 60 hadi 65. Ukipokea mchele kilo 50, kule nyumbani umetoka mpunga wa karibu kilo 80. Weka na gharama ya kukoboa, ya mfuko, ya bodaboda hadi stendi, na ya kondakta. Weka na kazi: kulima, kupalilia, kuamia ndege. Familia nyingi za huku zinahamia mashamba ya mbali kwa miezi na kulala kwenye madungu, katikati ya mbu na maji. Miezi hiyo nakosa wajawazito kliniki. Ukiuliza unaambiwa, "Yuko shamba." Akirudi, damu imeshuka na malaria imemtembelea.

Kabla Daraja la Kilombero halijafunguliwa, mzigo wa kutoka Lupiro na Mahenge ulivuka mto kwa kivuko, kile ambacho Januari 2016 kilizama. Hata hivyo mchele ulifika Dar.

Nawe ukiufungua unasema, "Mchele wa nyumbani mtamu, sinunui." Kweli hununui. Mwingine ameununua kwa ajili yako.

SEHEMU YA 3: KIJANA ANAYEJITAFUTA

Siku hizi kuna lugha nzuri: "najitafuta". Kijana amemaliza chuo, yuko Mbagala au Gongo la Mboto, anajitafuta. Simcheki hata kidogo. Ajira ni ngumu na wala hakosi juhudi. Nauliza tu: katika muda huo wa kujitafuta, anakula nini?

Anakula mpunga wa Kilombero. Kama hauji wenyewe, umeuzwa na pesa imetumwa.

Kuna jambo linaitwa kujitolea. Wa afya mnalijua, walimu mnalijua, hata wa maofisini mnalijua. Kijana ana cheti au diploma, hajaajiriwa, anaambiwa aje "ajitolee apate uzoefu". Anaingia zamu kama wengine. Anavaa sare aliyoshona kwa pesa yake. Anachoma sindano, anafundisha darasa la watoto wengi, anajaza mafaili. Mwisho wa mwezi wenzake wanapata meseji ya benki, yeye anapewa nauli, au asante. Mwaka unapita, wa pili unaingia.

Mahali hapo pana mfadhili ambaye jina lake halipo ukutani. Hapati barua ya shukrani wala haalikwi kwenye uzinduzi. Mfadhili huyo ni mama mmoja mwenye ekari zake mbili huku bondeni. Anampa mwajiri mfanyakazi aliyeshiba, aliyelala mahali, aliyepanda daladala, bure kabisa. Mwajiri anasema, "Tunawapa vijana nafasi." Ni kweli nafasi mnawapa. Chakula anatoa mama.

Na kabla ya hapo? Tangu 2016 ada ya sekondari za serikali imeondolewa hadi kidato cha nne, na Bodi ya Mikopo inawapa baadhi ya wanafunzi wa elimu ya juu. Nashukuru. Lakini sare, daftari, godoro, nauli, pesa ya mafunzo kwa vitendo, na ule mwezi ambao mkopo umechelewa, vinatoka wapi? Anayesoma chuo cha kati na hakupata mkopo, nani anambeba? Kwenye familia ya watoto watano mara nyingi amechaguliwa mmoja, nyumba nzima ikajifunga mkanda. Wanne waliobaki hawakuwa wajinga. Walikuwa ngazi.

Kwa hiyo ukisimama kwenye mahafali au harusi yako ukasema "nimetoka mbali, nimejisomesha", angalia nyuma kwanza uone nani amekaa viti vya plastiki.

SEHEMU YA 4: MTOTO ALIYEACHWA KWA BIBI

Hapa naingia kwenye kazi yangu, nisomeni taratibu.

Binti anafanya kazi za ndani Dar, au mama lishe, au yuko kiwandani. Amejifungua. Mara nyingi mtoto wa kwanza anazaliwa nyumbani, mama yake akimkanda na kumpikia uji, hata kama ni msimu wa palizi. Palizi inaungoja uzazi, nyasi haziungoji. Shamba hilo mwaka huo linatoa pungufu. Mnaita "kwenda kulelewa uzazi". Mimi naita likizo ya uzazi iliyolipwa na shamba la mama.

Mtoto akifika miezi minane au tisa, binti anaitwa kazini. Kazini haruhusiwi mtoto. Mtoto anabaki kwa bibi. Ushauri wetu ni maziwa ya mama peke yake miezi 6, kisha kuendelea kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2. Huyu ameachishwa kwa siku moja, kwa basi la alfajiri. Bibi anampa uji mweupe maana ndio uliopo. Baada ya miezi michache mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unaanza kulala. Na mara nyingine kadi yenyewe haipo, imebaki Dar kwenye begi. Sijui chanjo ipi amepata na ipi hajapata.

Jambo jingine. Mtoto aliyekulia mtaa wa mjini wenye malaria kidogo, mwili wake haujazoea vimelea kama wa mtoto wa hapa. Ukimleta bondeni akiwa na miaka mitatu bila chandarua, unamleta kwenye hatari mpya. Homa yake si ya kusubiri kesho. Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa au kunyonya, kulegea au kutozinduka: hapo ni kituoni mara moja, usiku au mchana. Bibi anajua. Bibi ndiye anayembeba. Lakini bibi huyo ana presha yake mwenyewe, magoti yanauma, na simu haina salio.

Akifika, matibabu ya chini ya miaka 5 kwa sera yetu ni bure, lakini bodaboda ya saa nane usiku si bure. Akivuka miaka 5, bila bima ni pesa. Nimeona kaya ya bibi mmoja ina wajukuu wanne kutoka kwa watoto wake watatu, wote watatu wako mjini. Ukiuliza nani mwenye nyumba hiyo, watakwambia, "Yule bibi anatunzwa na watoto wake."

Nani anamtunza nani?

SEHEMU YA 5: ZAMU MOJA

Mji unachukua mwili ukiwa na nguvu na kuurudisha ukiwa umechoka. Hili nimelishuhudia kazini kuliko yote.

Anarudi na kifua kikuu, matibabu miezi 6, anahitaji mtu wa kumsimamia ameze dawa na ale vizuri. Anarudi akiwa kwenye dawa za kufubaza virusi lakini hakuchukua karatasi ya uhamisho kliniki, na siku kadhaa zinapotea tukitafuta rekodi zake. Anarudi na saratani baada ya pesa kuisha. Anarudi amevunjika, bodaboda imemwangusha, mwenye pikipiki amechukua pikipiki yake. Anarudi na kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi, hasemi.

Niwaeleze kumuuguza mtu wa kiharusi nyumbani ni nini, maana mkija Krismasi mnakuta ameshaogeshwa. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2, la sivyo anapata vidonda vya kulalia, makalioni, visiginoni, kiunoni. Saa 24 kugawa kwa 2 ni mara 12. Zaidi ya hapo kuna kumlisha taratibu asipaliwe, kumsafisha haja, kufua mashuka, kumnyoosha viungo visikakamae, kumpa dawa ya presha kila siku bila kukosa. Maji ya kufulia yanachotwa.

Wodini kazi hiyo tunaigawa kwa zamu. Asubuhi, mchana, usiku. Nikimaliza naenda kulala, na mwisho wa mwezi nalipwa. Nyumbani zamu ni moja na muuguzi ni mmoja. Kwa kawaida ni dada. Yule dada ambaye hakuchaguliwa kusoma, aliyeolewa akarudi, au hakuolewa. Shamba lake mwaka huo limekufa. Biashara yake ya vitumbua imekufa. Mgongo wake ninaujua mimi, maana anakuja dirishani kuomba dawa ya maumivu.

Kisha simu inapigwa kutoka mjini: "Dada, mbona mgonjwa ana kidonda? Mnamwangaliaje huko?"

Mnamwangaliaje! Njoo ugeuze mara 12 leo usiku na kesho mchana, ndipo uulize.

Machi 2020, India ilipofunga shughuli kwa ajili ya korona, mamilioni ya vibarua waliondoka mijini kurudi vijijini kwao, wengi kwa miguu, mamia ya kilomita. Viwanda vilifunga geti, vijiji vikafungua mlango. Hivyo ndivyo ilivyo hata kwetu, mtu mmoja mmoja, kila wiki, bila kamera. Bima ya kweli ya mfanyakazi wa mjini asiye na mkataba ni kitanda cha kamba nyumbani kwa mama yake. Na hiyo bima, mwajiri hachangii hata shilingi.

SEHEMU YA 6: HAYA HAYAJAANZA LEO

Msidhani ni tabia ya familia zetu tu. Ni mpango wa zamani, na una anayefaidika.

Wakati wa Mwingereza, mashamba ya mkonge ya Tanga, Kilosa na Morogoro yaliendeshwa na manamba. Wanaume waliandikishwa mbali, Kigoma, Songea, Njombe, wakaletwa kwa mkataba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Mshahara wa manamba ulipimwa kwa tumbo la mwanaume mmoja aliye peke yake. Mke, watoto na wazee hawakuhesabiwa, kwa sababu walikuwa kwao wanalima. Akiugua au akizeeka anarudi alikotoka. Yaani jembe la mke huko Ungoni ndilo lililomfanya mwenye shamba alipe kidogo. Mkonge ukaenda Ulaya, mke hakuandikwa popote.

Tukapata uhuru. Azimio la Arusha la 1967 lilionya waziwazi kwamba maendeleo yanayojengwa mijini hulipwa kwa jasho la mkulima, na kwamba wa mjini wanaweza kugeuka wanyonyaji wa wa shambani. Miaka ya themanini mishahara iliposhindwa kufika katikati ya mwezi, wengi mjini walivuka kwa chakula cha nyumbani na vijishamba vya pembeni. Na mwaka 1983 ikaja Nguvukazi: wasio na kazi rasmi wakakamatwa mitaani Dar, wakasombwa kurudishwa vijijini, wengi wakarudi tena mjini. Mji ukiwahitaji unawaita, ukiwachoka unawarudisha, na kila mara anayelipia kuwapokea ni kijiji.

Na miaka ya karibuni? Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Ile ya 2013 ilikuwa 40,000. Hiyo ilikuwa sheria, si uchoyo wa mtu mmoja. Kwa 60,000 binti anaweza kumlisha mtoto wake, kumvisha, kumtibu na kumsomesha? Hawezi, na waliokaa kuandika wanajua. Walipima tumbo la mtu mmoja, wakaacha mengine kwa bibi wa Mngeta. Manamba amebadilisha jina tu. Sasa anaitwa dada wa kazi.

Dar ilikuwa na watu milioni 4.36 kwenye sensa ya 2012, ikafika milioni 5.38 mwaka 2022. Wakipita majukwaani wanasema jiji limekua. Kuna mtu huku mashambani amelipia kukua huko.

SEHEMU YA 7: "LAKINI TUNATUMA PESA"

Najua mmeshaanza kuniandikia. Haya, nawajibu.

"Nesi, sisi tunatuma pesa kila mwezi." Wapo, na wapo wengi. Kuna mabati huku yamepauliwa na mshahara wa ulinzi, kuna wadogo wamesoma kwa pesa ya chipsi. Siwafuti. Nasema tuhesabu pande zote mbili. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, pesa ya kutoka mjini ina meseji, ina jina, ina saa, ina "na ya kutolea". Julai 2021 ilipokuja tozo ya miamala, nchi nzima ililalamika kwamba tunaumiza wazee vijijini wanaotumiwa na watoto wao. Lalamiko lilikuwa la haki. Lakini gunia halina meseji. Mara 12 za kumgeuza mgonjwa hazina kumbukumbu namba. Kwa hiyo upande mmoja una risiti na mwingine una mgongo unaouma, na sisi tunaamini risiti.

"Undugu hauhesabiwi." Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Kama undugu hauhesabiwi, mbona kwenye kikao cha familia unakumbuka elfu 20 uliyotuma Desemba? Mbona unataja nani alichangia sanda na nani hakuchangia? Tunahesabu sana. Tunachoacha kuhesabu ni kazi ya aliyebaki tu.

"Mama mwenyewe anapenda kutusaidia." Anapenda, ndiyo. Mimi naipenda kazi yangu na bado mwisho wa mwezi nadai mshahara.

"Kijijini maisha ni rahisi, chakula ni cha bure." Njoo uamie ndege wiki mbili halafu urudie hiyo sentensi. Mwaka wa mafuriko mto ukijaa na kulala juu ya mpunga, hicho cha bure kinapatikana wapi?

"Basi unataka familia ziache kusaidia?" Hapana. Kijana asisaidiwe ataenda wapi? Nataka tuache kusema uongo kuhusu nani anasaidia. Ukishajiona wewe ndiye mfadhili, unamwamuru mama auze kiwanja, unamkaripia dada kwenye simu, na mzee akifa unakuja na sauti kubwa kugawa shamba. Uongo huu una matokeo, na matokeo yake makubwa kuliko yote ni ardhi.

SEHEMU YA 8: SHAMBA, NA NINACHOTAKA

Hapa ndipo penye maumivu. Mzazi amekufa. Aliyemgeuza ni dada. Aliyelima ekari zile miaka kumi ni dada. Magunia yaliyokwenda Dar yalitoka mkononi mwake. Arobaini haijafika, ndugu wa mjini wameshapata mnunuzi. Wanauza, wanagawana, dada anapewa kiasi "cha kuanzia maisha" akiwa na miaka 50. Mwaka unaofuata anakodi shamba alilolifyeka mwenyewe. Na presha yake naipima mimi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ya kijiji. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina zaidi ya moja. Hapa kwetu programu ya umilikishaji ardhi ilipita Kilombero, Ulanga na Malinyi, mashamba yakapimwa, hati zikatolewa. Nyumba ngapi zilimwandika binti aliyebaki? Kaangalieni hati yenu. Leo, wazee wakiwa hai.

Kwa hiyo nataka haya.

Wewe uliyeko mjini na mwenye bima ya kazini: kama nafasi ya wazazi iko wazi, waandike wiki hii. Ukiwa huna ajira rasmi, uliza nyumbani kama kaya ina bima. CHF iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018 ilipangwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka kila mkazi awe na bima. Ulizeni utaratibu wa sasa kituoni na mlipie wale wajukuu kwa majina yao.

Ukimleta mtoto kwa bibi: lete kadi ya kliniki, chandarua, na pesa ya kila mwezi yenye tarehe, si "nikipata". Ukirudi unaumwa, chukua karatasi ya uhamisho na dawa za kutosha.

Mgonjwa akiwa nyumbani: tengenezeni zamu. Asiyeweza kuja anamlipa anayegeuza, kama ambavyo mngemlipa mgeni. Asiwe dada peke yake.

Mfuko wa mchele ukifika stendi, ulizia bei ya siku hiyo sokoni kwako, uandike. Fanya hivyo mwaka mmoja, utajua unadaiwa nini.

Waajiri mnaotumia wanaojitolea: mlipeni mtu au msimtumie. Mnaoajiri dada wa kazi, kumbukeni 60,000 ilikuwa kima cha chini, haikuwa dari.

Mnaopanga bajeti za zahanati na vituo vyetu: anayekuja kuugua hapa, kujifungua hapa na kulelewa hapa si lazima awe alihesabiwa hapa. Dawa zinaisha mapema kwa sababu tunatibu na mji. Liwekeni hilo kwenye mahesabu.

Na ninyi mama zangu, dada zangu mliobaki: mkiulizwa kwenye kikao mmechangia nini, msiinamishe kichwa. Tajeni. Magunia mangapi, usiku mingapi, watoto wangapi. Tajeni kwa sauti, na katibu aandike.

Nimemaliza. Tumeni kwenye grupu la familia. Msibishane kuhusu nesi, bishaneni kuhusu magunia.